MAUA YA UANI: VICHAKA VYA ASILI VISIVYOOGOPA KIANGAZI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3

Lugha yetu ya Kiswahili ina utani wake. Neno "ua" lina maana kadhaa. Ua la kwanza ni lile linalochanua, wingi wake maua. Ua wa pili ni uwanja uliozungushiwa nyuma ya nyumba, wingi wake nyua. Halafu kuna "ua", kitenzi cha kutoa uhai. Makala haya yanazihusu maana zote tatu, manake nataka kueleza jinsi ya kupanda maua katika ua mdogo wa hapa Kangemi bila kuyaua kwa kiu, na bila kuwaua wadudu wanaotulisha.

Wenzangu wa kidato cha tatu wanakumbuka somo la uzazi wa mimea katika Bayolojia. Chavua ni unga unaotoka katika sehemu ya kiume ya ua. Unga huo sharti ufike kwenye sehemu ya kike ndipo tunda lianze kukua. Mimea mingine, kama mahindi, hutegemea upepo. Mingine hujichavusha yenyewe. Lakini iliyo mingi humngoja mgeni: nyuki, kipepeo, nondo, nzi, mbawakawa au ndege. Hao ndio wachavushaji. Watafiti walipochunguza mazao 115 makuu ya chakula duniani, matokeo yakachapishwa mwaka 2007, waligundua kwamba mazao 87 hunufaika kwa kutembelewa na wanyama hao. Huu si mchezo wa maua ya kupamba sebule. Ni sahani yako na yangu.

Chukua mfano wa malenge. Mmea wa malenge una maua ya aina mbili juu ya shina moja, dume na jike. Ua jike utalijua kwa kile kitunguu kidogo kilicho chini yake, ambacho ndicho ovari. Maua hayo hufunguka alfajiri, na adhuhuri ikifika yamekwisha kujifunga. Basi, siku yake imepita, hakuna ya pili. Chavua yake ni nzito tena inanata, upepo hauwezi kuibeba. Nyuki asipofika asubuhi hiyo, kile kitunguu hugeuka manjano na kuanguka. Nyanya yangu (nasema mama ya mama yangu, si lile tunda la kachumbari, tafadhali msicheke) alipanda malenge miaka miwili mfululizo. Yalitambaa hadi juu ya mabati, yakachanua mpaka majirani wakasifu, lakini malenge yenyewe hayakufika matatu. Akasema mbegu ni mbaya, akanunua nyingine. Mambo yakawa ni yale yale. Samadi ilikuwepo, maji tulinunua. Kilichokosekana ni wageni.

Ni kwa nini wageni hawakuja? Panda juu ya daraja la waendao kwa miguu pale steji ya Kangemi, Waiyaki Way, kisha utazame pande zote mbili. Upande wa Loresho utaona miti. Upande wetu ni mabati, gorofa, saruji na nguo zilizoanikwa. Nyuki wa asali anaweza kuruka kilomita kadhaa kutafuta chakula, kwa hivyo yeye akitaka atafika. Lakini nyuki wa asali ni mmoja tu. Duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na wengi wao hawaishi mzingani wala hawatengenezi asali ya kurina. Jike mmoja huchimba kishimo chake udongoni au hutoboa kijiti kikavu, akalea watoto wake peke yake. Nyuki hawa wakiwa wadogo hawaendi mbali, mita mia chache tu. Kwao kutoka Loresho hadi uani kwetu ni kama wewe kutembea kwa miguu hadi Mombasa. Wasipopata chakula na mahali pa kulala papa hapa, hawapo.

Na usidhani kwamba nyuki wa asali anaweza kufanya kazi ya wote. Ua la biringanya, la nyanya (sasa nasema tunda) na la managu huficha chavua yake ndani ya vijineli vyenye tundu dogo nchani. Ili itoke, nyuki lazima alishike ua na kutetemesha misuli ya kifua chake hadi chavua imwagike kama chumvi kutoka kwenye kichupa. Nyuki wa asali hajui ufundi huo. Anayeujua ni yule nyuki mkubwa mweusi anayenguruma kama pikipiki na kutoboa mbao, nyuki seremala. Kule Nguruman, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, watafiti walichunguza mashamba ya biringanya na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Waliona kwamba wachavushaji wa biringanya walikuwa nyuki wa porini, na kwamba nyuki hao waliishi kwa kutegemea mimea ya asili iliyo kando ya mashamba. Biringanya huchanua kwa muda tu. Nyuki anataka kula mwaka mzima. Asipokuwa na chakula kabla na baada ya biringanya, biringanya itakosa mtumishi.

Hapo ndipo vichaka vinapoingia. Lakini vichaka gani? Watu wengi wa hapa kwetu wakiona mmea umezagaa kila mahali hudhani ni wa asili. Si kweli hata kidogo. Lantana yenye maua ya rangi mchanganyiko ilitoka Amerika ya joto, na leo ni gugu sugu linalosonga malisho na kudhuru mifugo inayoila. Yale maua makubwa ya manjano ya kando ya barabara, tithonia, yalitoka Meksiko na Amerika ya Kati. Jakaranda zinazotupakia zambarau mitaani mwezi wa Oktoba ni za Amerika ya Kusini. Hata ile miiba ya kayaba inayozunguka nyua za matajiri ilitoka kusini mwa Afrika. Bogenvilia nayo ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, na zile rangi zake si petali bali ni majani yaliyojipamba, ua lenyewe ni kile kijinukta cheupe katikati. Mimi sikatai kwamba vipepeo huitembelea lantana. Huitembelea sana. Ila mbegu zake hubebwa na ndege hadi msituni, kisha huko zikawafukuza wenyeji. Kwa nini tumwalike mgeni mharibifu ilhali wenyewe wa nyumbani wapo na hawaombi maji?

Wenyeji hawa wamezoea hali ya hapa kwa maelfu ya miaka. Nairobi ina mvua ndefu kati ya Machi na Mei, mvua fupi kati ya Oktoba na Desemba, na katikati yake ukavu: Januari na Februari wa jua kali, Juni hadi Septemba wa baridi na mawingu yasiyotoa hata tone. Tena siku hizi mvua haiaminiki. Kuanzia mwisho wa 2020, misimu 5 mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki mwa nchi yetu. Kisha Aprili 2024 mafuriko yakaikumba Nairobi na kubeba nyumba za watu. Mmea wa kutegemewa ni ule unaojua kungoja.

Sasa nitaeleza vichaka ninavyovijua kwa macho, kuanzia ninachokipenda zaidi.

Maigoya. Wakikuyu ndio wanaoyaita hivyo, na nyanya yangu ambaye si Mkikuyu huyaita hivyo hivyo. Majani yake ni manene na laini kama blanketi jipya. Wazee wanajua kazi yake ya zamani: kufunikia ndizi ziive, na, samahani kwa walimu, kutumika msalani kabla karatasi haijafika. Lakini ua lake! Ni la samawati iliyokolea, limepangwa juu ya kijiti kirefu, na mdomo wake wa chini umeumbwa kama mashua. Nyuki seremala akitua juu ya mashua hiyo, mdomo huinama kwa uzito wake na vijiti vya chavua humgusa tumboni. Nimekaa juu ya ndoo nikitazama jambo hilo mpaka chai ikapoa. Kulipanda ni rahisi kuliko kuchonga penseli. Kata kijiti cha urefu wa rula ya sentimita 30, ondoa majani ya chini, chomeka nusu yake udongoni mvua inapoanza. Baada ya wiki tatu hivi kitakuwa na mizizi.

Mwinu. Hili pia ni jina la Kikuyu. Wakalenjin wanauita senetwet, na mkaa wake hutumika kutayarishia vibuyu vya mursik. Maua yake ni ya manjano, yamesimama kama mishumaa, na nchani mwake kuna vifuko vyeusi. Ukisugua jani lake litatoa harufu kama ya njugu karanga. Mwinu hauna nekta ya kumpa mgeni, una chavua tu, na chavua hiyo hutoka kwa kutetemeshwa kama ile ya biringanya. Ndiyo kusema mwinu ni shule ya nyuki seremala: akiwa hapo yu tayari kwa nyanya na biringanya zako. Vilevile, kuna kipepeo mweupe anayetaga mayai juu ya majani yake, na viwavi wake wa kijani huyatafuna kwelikweli. Ukiwaona usikimbilie dawa. Kichaka kitachipuka upya, na wale viwavi ndio vipepeo wa wiki chache zijazo. Tahadhari moja: mwinu ni dawa kali ya kuharisha na ukizidi ni sumu, kwa hivyo watoto wasiutafune.

Mtandamboo, ambao sokoni utausikia ukiitwa mukawa, una miiba, majani magumu yanayong'aa na utomvu mweupe. Maua yake ni meupe, yana shingo nyembamba na harufu tamu inayozidi jioni. Hayo ni chakula cha nondo mwenye mrija mrefu, mchavushaji ambaye wengi wetu hatumjui kwa sababu huja tukiwa tumelala. Matunda yake yakiiva huwa meusi na matamu. Ukitaka kuupanda, safisha mbegu za tunda lililoiva na uzipande mapema kabla hazijakauka. Uvumilie, si mmea wa haraka. Miiba yake pia ni askari mzuri kwa wale wanaoruka ua usiku.

Leleshwa ni yule wa fedha unayemwona ukipita Naivasha na Narok, vilima vizima vinang'aa kama vimepakwa majivu. Chini ya kila jani kuna manyoya meupe yanayozuia maji kupotea, na ukilivunja jani utasikia harufu ya kafuri. Wamaasai wamelitumia tangu zamani kujipaka kwapani. Asali ya leleshwa inajulikana. Jambo la kukumbuka ni kwamba leleshwa huchukia kutuama kwa maji. Mafuriko ya 2024 yangemwangamiza mahali pa bonde, kwa hivyo mpandie palipoinuka. Asipokatwa atakuwa mti wa mita kadhaa. Katika ua mdogo, makasi ni lazima.

Kuna tena kichaka chenye maua ya rangi ya chungwa yaliyojipanga kama mipira iliyotungwa kwenye shina. Vitabu vinakiita Leonotis, maneno ya Kigiriki yenye maana ya sikio la simba, nami nakiita hivyo hivyo, sikio la simba. Wadogo zangu huchomoa ua na kufyonza utamu wake, na chozi hufanya vivyo hivyo kwa mdomo wake uliopinda. Chozi ni yule ndege mdogo mwenye kumetameta ambaye wengi huko Kangemi wanadhani ni mgeni kutoka ng'ambo.

Na mshubiri, ingawa si kichaka kamili. Huu hufungua matundu ya majani yake usiku badala ya mchana ili jua lisimwibie maji. Wetu ulitoa ua mwezi Julai, katikati ya baridi na ukavu, wakati ambapo uani hapakuwa na ua lingine. Chozi walijua siku ya pili. Tafadhali usiung'oe porini. Biashara ya mishubiri ya porini inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na haina haja, kwa kuwa jirani mwenye mmoja atakugawia vitoto vinavyoota pembeni.

Hapa msomaji ataniuliza, "Wewe ndugu, ua wenyewe uko wapi? Sisi tuna nafasi ya kuweka jiko tu." Hilo ni swali la haki na nitalijibu kwa kisa cha kisayansi cha hapa hapa Kenya. Miaka ya 1970 wanasayansi wawili Wamarekani, Frank Gill na Larry Wolf, walichunguza chozi wenye mabawa ya dhahabu walipokuwa wakilinda sehemu zao za sikio la simba. Kila ndege alikuwa na himaya yake na akifukuza wengine. Walipopima himaya hizo walikuta zimetofautiana mno kwa ukubwa, nyingine ndogo kama chumba na nyingine kubwa kama shamba. Lakini walipohesabu maua, idadi ilikaribiana. Matokeo yao yalichapishwa 1975. Maana yake ni hii: ndege hahesabu mita, anahesabu maua. Akipata maua ya kutosha mahali padogo, hana shida na udogo wenyewe. Tangu nilipokisoma kisa hicho nimeacha kuona haya kuhusu ua wetu.

Ua wetu, kwa hakika, ulikuwa karibu kupotea. Ploti ina milango kumi na tunatumia bomba moja. Mwenye ploti alitaka kumwaga saruji kote ili matope yaishe, na katika hilo hakuwa na kosa, mvua ikinyesha tunazama hadi kifundoni. Nyanya ndiye aliyemwendea.

"Mzee, matope hayo nami yananichosha," akamwambia. "Lakini tuachie mita moja tu kando ya mabati. Hapo nitapanda."

"Mama, vichaka vitaniletea nyoka na mbu. Wapangaji watanilaumu mimi."

"Ukiona nyoka, ng'oa. Sitasema neno."

Akakubali, kwa sharti kwamba Desemba atakuja kutazama kisha aamue. Basi tuna ukanda wa mita 6 kwa mita 1, na hadi ninapoandika haya Desemba haijafika. Kwa hivyo kila ninachokueleza hapa ni kitu ninachotakiwa kukithibitisha kwa macho ya mwenye ploti.

Tulipanda vichaka 6, kimoja kila mita, mvua za Machi ziliposhika. Leleshwa na mwinu tuliweka pembe za nyuma, maigoya mawili katikati, sikio la simba mbele, mshubiri penye jua zaidi. Mtandamboo tunao kwenye mkebe, tutauhamisha ukipata nguvu. Shimo lilikuwa na kina cha mkono hadi kiwiko. Udongo wa juu uliwekwa kando, ukachanganywa na samadi kidogo, kisha ukarudishwa kwanza. Samadi kidogo, nasema, kwa sababu mimea hii ikilishwa sana hutoa majani matupu. Juu tulifunika nyasi kavu ili unyevu usitoroke. Tuliacha pia kipande cha udongo mtupu, ukubwa wa meza ya darasani, bila nyasi wala saruji. Hapo ndipo wale nyuki wachimbaji watakapojenga. Na gogo moja kavu tumeliegemeza ukutani ili nyuki seremala atoboe hilo, asitoboe mbao za paa la mtu.

Kuhusu maji, hebu tufanye hesabu. Huku kwetu maji yakikatwa tunanunua kwa mtungi wa lita 20. Katika kiangazi cha kwanza kila kichaka kinahitaji lita 5 mara mbili kwa wiki. Vichaka 6 mara lita 5 ni lita 30, mara mbili ni lita 60, yaani mitungi 3 kwa wiki. Kitalu chetu cha sukuma kilikuwa kinakunywa mtungi mmoja kila jioni, mitungi 7. Tena ile mitatu hatukuinunua hata mmoja: tulitumia maji ya mwisho ya kusuuza nguo na ya kuoshea mboga. (Maji ya sabuni nzito au ya jiki, hapana.) Ni afadhali kumwagia mengi kwa nadra kuliko kidogo kila siku, maana maji ya juujuu huifunza mizizi kukaa juu, na mizizi ya juu ndiyo hufa kwanza. Chupa ya plastiki iliyotobolewa kwa sindano na kuzikwa kando ya shina hufanya kazi hiyo vizuri. Mwaka wa pili leleshwa na mshubiri hazihitaji hata tone lako, na maigoya yakinyauka kidogo mchana usiwe na wasiwasi, jioni yatainuka.

Majirani wawili waliogopa nyuki, na hofu yao si ya kudharauliwa kwa sababu nyuki wetu wa Afrika ni wakali wanapolinda mzinga. Lakini nyuki aliye kazini juu ya ua hana nyumba ya kulinda pale. Hauma mpaka abanwe au akanyagwe. Hatari kubwa uani ni maji, si maua. Wakati wa ukavu nyuki hutafuta maji na hujazana kwenye bomba, ambapo mama anainama na mtoto anacheza. Tuliweka kisahani chenye mawe na maji mbali na bomba, karibu na mshubiri, wakahamia huko. Maji hayo hubadilishwa kila siku mbili, na hivyo hoja ya mbu nayo imejibiwa: mbu huzaliana katika maji yaliyotuama, hazaliani katika majani. Mtu mwenye mzio wa nyuki, hata hivyo, asishawishiwe na mtu yeyote, mimi nikiwamo. Ya nyoka tumeyajibu kwa panga. Tunakata matawi ya chini ya kila kichaka hadi usawa wa goti ili ardhi ionekane.

Dawa za kuua wadudu ni somo lenyewe. Nitasema tu kwamba dawa haisomi majina. Ukinyunyizia sukuma yako dhidi ya vidukari wakati mimea ya kando imechanua, umewapulizia wageni wako. Katika wilaya ya Hanyuan, mkoa wa Sichuan nchini China, wakulima wa mapeasi walifikia hatua ya kupanda juu ya miti na vijiti vyenye manyoya wakipaka chavua ua baada ya ua kwa mkono, na matumizi makubwa ya dawa yalikuwa sababu mojawapo. Nasi tulifanya kazi hiyo ya nyuki mwaka jana kwa malenge ya nyanya. Unachuma ua dume saa kumi na mbili unusu, unabandua petali, unamsugulia jike. Inafaulu. Lakini ukichelewa matatu ya shule kwa sababu hiyo, mwalimu wa zamu hatakuelewa.

Jambo dogo la pembeni. Wengi mnakumbuka mugumo wa Waiyaki Way pale Westlands ambao ungeng'olewa barabara ya Expressway ilipokuwa inajengwa, hadi amri ya rais ilipouokoa Novemba 2020. Watu walizungumza juu ya mila na uzee wake. Hakuna niliyemsikia akimtaja nyigu. Mugumo huchavushwa na nyigu mdogo kuliko punje ya ulezi anayeingia ndani ya tunda lenyewe, kwa kuwa maua ya mti huo yamefichwa humo ndani. Bila nyigu huyo hakuna mbegu, na bila mbegu hakuna mugumo mwingine. Kumbe walipouokoa mti waliokoa na mdudu wake bila kujua.

Mwaka huu malenge yamepandwa tena mwisho wa ukanda, pembeni mwa maigoya. Wiki iliyopita, saa moja kasoro asubuhi, nilikuta nyuki watatu ndani ya ua moja dume, wamepakaa manjano hadi machoni. Kufikia leo vitunguu vinne vimekataa kuanguka na kimoja kimefika ukubwa wa ngumi. Nyanya amekataza mtu yeyote kuvielekezea kidole, ati vitaoza. Mimi huvihesabu kwa macho tu.

Anayetaka kuanza asubiri mvua za Machi, asipande Januari. Vitalu vya miche viko vingi kando ya Waiyaki Way kuelekea Kabete, lakini useme waziwazi kwamba unataka ya asili, la sivyo utauziwa bogenvilia. Mbegu za miti ya asili huuzwa na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kule Muguga, na matatu za Limuru zinapita njia hiyo. Mbegu za mwinu ninazo mkebe mzima. Ziloweke usiku kucha kabla ya kuzipanda. Vijiti vya maigoya nitavikata siku ya mkutano wa kwanza wa Chama muhula wa kwanza, kila mwanachama apate viwili, naye alete gazeti lililoloweshwa maji la kuvifungia visikauke njiani.